Chanel, Dior, Saint Laurent, Furstenberg au Miyake: Uanze na Mtindo wa Nani?

Anayeanza kujifunza mitindo huyajua majina kabla hajazijua nguo. Akisikia Chanel anakumbuka herufi mbili zilizopeana mgongo. Akisikia Dior anakumbuka marashi. Lakini jina halivaliki. Kinachovaliwa ni uamuzi ambao mbunifu aliufanya juu ya nguo: uzito wake ubebwe na mabega au na kiuno, kitambaa kisimame au kitiririke, mwili ubanwe au uachiwe nafasi. Ukiujua uamuzi huo, utautambua mtindo hata kwenye nguo isiyo na lebo, na utaweza kumweleza fundi wako kwa maneno machache anayoyaelewa. Usipoujua, utanunua kitambaa cha bei, fundi atashona kwa uangalifu wote, na nguo itatoka bila kile kilichokuvutia kwenye picha.

Wabunifu watano waliochaguliwa hapa kila mmoja aliufanya uamuzi huo kwa namna yake, na picha za kazi zao hupatikana kwa urahisi. Wabunifu Madeleine Vionnet na Cristóbal Balenciaga wamebaki nje kwa makusudi. Mkato wa mshazari wa Vionnet na maumbo ya Balenciaga yanayosimama mbali na mwili ni masomo ya hatua ya pili, hata kwa fundi mzoefu.

## Vigezo vya kupimia

Kila mbunifu amepimwa kwa mambo matano. La kwanza ni umbo, yaani nguo imeshikwa wapi mwilini na imeachwa wapi. La pili ni kitambaa: cha aina gani, mita ngapi, na kinavumilika vipi kwenye joto. La tatu ni kazi ya fundi. La nne ni panapoharibika, kwa sababu kila mtindo una sehemu moja au mbili ambazo zikikosewa mtindo wenyewe unapotea. La tano ni mtu unayemfaa.

Mita zinazotajwa ni za mvaaji mwenye kiuno cha sentimita 70 hadi 80 na urefu wa wastani, kwa kitambaa chenye upana wa sm 150. Vitenge vingi vina upana wa karibu sm 115 tu, kwa hiyo palipoandikwa mita 3 usiende dukani ukarudi na mita 3 za kitenge. Mwoneshe fundi picha kwanza, akupigie hesabu kwa upana wa kitambaa unachokitaka.

## Chanel: koti laini lenye mnyororo ndani

Umbo. Gabrielle Chanel alifungua duka la kofia mtaa wa Cambon, Paris, mwaka 1910, na katika muongo huohuo akaanza kushonea wanawake nguo za kitambaa cha jezi, yaani kile cha kuvutika kama cha fulana, kilichokuwa kikitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume. Mwaka 1926 jarida la Vogue la Marekani lilichapisha mchoro wa gauni lake jeusi lisilo na makeke, likalifananisha na gari la Ford: kitu kimoja cha kuwafaa wengi. Hata hivyo nguo inayombeba zaidi leo ni koti alilolitoa baada ya kufungua tena nyumba yake ya mitindo Februari 1954, akiwa na miaka 70. Ni fupi, limenyooka, linaishia karibu na mfupa wa nyonga. Halina kola au lina kola ndogo sana, na halina pedi za mabega. Mifuko yake miwili au minne imebandikwa juu na inatumika kweli. Kwa macho ni koti, lakini mwilini linakaa kama sweta.

Kitambaa. Twidi ya sufu, iliyofumwa kwa nyuzi nene za rangi mchanganyiko, pamoja na bitana, yaani kitambaa cha ndani, ya hariri nyepesi. Koti pekee hula mita 2 za twidi na mita 2 za bitana; ukiongeza sketi, nunua twidi mita 3. Sufu hiyo inavalika vizuri Njombe, Mbeya, Arusha au Nairobi miezi ya baridi. Dar es Salaam na Mombasa ni mateso, na hapo tafuta pamba nene iliyofumwa kwa uwazi, yenye nyuzi zinazoonekana. Kitambaa laini cha suti hakifai, kwa sababu mistari ya ushonaji itaonekana juu yake. Kwenye twidi inazama katikati ya nyuzi.

Kazi ya fundi. Hapa ndipo thamani ya koti ilipo. Kwenye koti la kawaida bitana inaning'inia ndani na umbo linatokana na kitambaa kigumu cha kukazia kilichogandishwa kwa pasi. Kwenye koti la Chanel hakuna hicho. Bitana na twidi zinashonwa pamoja kwa mistari ya wima iliyoachana sm 3 hadi 5, zikawa kitu kimoja kinachotembea pamoja. Kila kipande hushonwa hivyo peke yake kabla ya kuunganishwa, na mistari inaishia kiasi cha sm 5 kabla ya ukingo ili fundi apate nafasi ya kuunganisha twidi na twidi. Bitana hukunjwa na kumaliziwa kwa mkono juu ya maungio. Mkono wa koti una vipande vitatu vinavyofuata mkunjo wa kiwiko, na kwapa limekatwa juu, karibu kabisa na mwili. Mwisho, mnyororo mwembamba wa shaba hushonwa kwa mkono ndani ya pindo, kuzunguka koti zima, ili uzito wake ulivute chini koti ambalo halina kitu kigumu cha kulishikilia.

Fundi anayelijua koti la suti atahitaji muda mara mbili au tatu ya aliouzoea, na ni haki alipwe hivyo.

Panapoharibika. Kosa la kwanza ni la nia njema: fundi anaona koti limelegea, anaongeza pedi na kitambaa cha kukazia, na hapo unarudi nyumbani na koti la ofisini la kawaida lenye utepe pembeni. Kosa la pili ni kwapa kukatwa chini. Siku ya kupima, nyanyua mkono kama unashika bomba la daladala: pindo likipanda pamoja na mkono wako, kwapa liko chini, na haliwezi kurekebishwa bila kukata kipande kipya. La tatu ni twidi yenyewe, ambayo hufumuka mara inapokatwa. Acha sm 3 hadi 4 za ziada kila ukingo, na upitishe ovaloki au zigizaga siku hiyohiyo. Koti hili pia halifuliwi kwenye ndoo: hariri na sufu husinyaa kwa viwango tofauti, na mistari yote hujikunja.

Unamfaa nani. Mtu anayetaka koti moja la miaka mingi, anayeishi penye ubaridi au anayekaa ofisi yenye kiyoyozi, na mwenye fundi mvumilivu. Kwa mwenye kifua kikubwa na kiuno chembamba, umbo lililonyooka linaweza kumfanya aonekane mpana kuliko alivyo, na lipunguzwe kidogo pembeni bila kulibana.

## Dior: kiuno na sketi

Umbo. Christian Dior alionesha mkusanyo wake wa kwanza tarehe 12 Februari 1947, barabara ya Montaigne, Paris. Ulaya ilikuwa imetoka vitani na vitambaa vilikuwa bado vya mgawo katika nchi nyingi, naye akatoa sketi zinazokula mita kwa mita, kwa fedha za Marcel Boussac aliyekuwa na viwanda vya nguo. Wako waliokasirika. Carmel Snow, mhariri wa jarida la Harper's Bazaar, akauita mkusanyo huo New Look, yaani Mwonekano Mpya, na jina likakaa. Mabega ni ya mviringo, kiuno kimebanwa, nyonga zimejazwa, sketi ni pana na inashuka chini ya goti. Nguo inayowakilisha yote hayo ni suti iitwayo Bar: koti la hariri la rangi ya maziwa ambalo chini ya kiuno linafunguka nje, juu ya sketi nyeusi ya sufu yenye marinda.

Kitambaa. Kinachosimama. Pamba nzito, hariri ngumu, kitenge chenye nta kabla hakijafuliwa mara nyingi. Kitambaa kinachotiririka kitaangukia miguuni na umbo litakufa. Chukua hesabu ya sketi ya duara kamili, ambayo ndiyo njia rahisi ya kuupata upana huo nyumbani. Gawanya kiuno kwa 6.28 upate nusu kipenyo. Kiuno cha sm 72 kinatoa sm 11.5. Ongeza urefu wa sketi, tuseme sm 70, na sm 3 za pindo. Unapata karibu sm 85. Kila nusu duara inahitaji urefu wa mara mbili ya huo, yaani sm 170, na nusu mbili ni mita 3.4. Kwa kuwa sm 85 zinaingia ndani ya upana wa kitenge, pisi moja ya yadi 6, ambayo ni karibu mita 5.5, inatoa sketi na sehemu ya juu ya gauni.

Kitenge kina jambo moja la kuangaliwa kabla ya kukata. Kwenye duara, uelekeo wa nakshi unazunguka. Ndege waliosimama wima mbele watakuwa wamelala ubavuni. Kwa mtindo huu chagua nakshi isiyo na juu wala chini.

Kazi ya fundi. Gauni la sketi pana ni kazi ya fundi wa kawaida. Ugumu umejificha ndani. Uzito wa mita tatu na zaidi ukiachiwa sehemu ya juu ya gauni, utaivuta chini na kiuno kitashuka kadiri siku inavyokwenda. Dawa yake ni utepe mgumu unaoshonwa ndani ya mshono wa kiuno, mfupi kwa sm 2 kuliko kiuno cha gauni, unaofungwa kwa kulabu kabla ya zipu kupandishwa. Utepe huo ndio unaobeba sketi. Chini yake hulala gagulo moja au mawili ya neti ngumu, yenye kitambaa laini upande wa ngozi ili isikwaruze. Kwa koti la aina ya Bar kazi inapanda daraja: sehemu ya chini ya kiuno lazima iwekewe kitambaa cha kukazia na pedi nyembamba nyongani, la sivyo italala.

Panapoharibika. Pindo la duara likikunjwa siku ileile ya kushona litapanda na kushuka baada ya wiki, kwa sababu sehemu zilizokatwa kwa mshazari hurefuka kwa uzito wao. Gauni lining'inizwe usiku kucha, bora zaidi siku nzima, ndipo pindo lipimwe kutoka sakafuni likiwa mwilini. Kosa jingine ni kupima kiuno juu ya nguo au mvaaji akiwa amevuta pumzi ndani. Mtindo huu haujui kusamehe kiunoni: sm 2 pungufu na hutakula kwenye sherehe, sm 2 zaidi na umbo limeondoka.

Unamfaa nani. Anayetaka kuonekana kwenye sherehe, msimamizi wa bibi harusi, mwenye nyonga nyembamba anayetaka kuzijaza. Kwa safari, kwa bodaboda, na kwa mtu ambaye tumbo lake linabadilika mara kwa mara, nguo hii ni adha.

## Saint Laurent: nguo za wanaume zilizokatiwa mwanamke

Umbo. Yves Saint Laurent alizaliwa Oran, Algeria, mwaka 1936. Dior alipofariki mwaka 1957, yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya ubunifu ya nyumba ile, akiwa na miaka 21. Alifungua yake mwaka 1961 pamoja na mshirika wake Pierre Bergé. Gauni lake la mwaka 1965 lenye miraba ya rangi kama michoro ya mchoraji Mondrian linajulikana sana, lakini mchango wake mkubwa zaidi ni mbili: Le Smoking ya mwaka 1966, yaani suti ya jioni ya wanaume iliyokatwa upya kwa mwili wa mwanamke, na koti la Saharienne lililovuma mwaka 1968, lenye mifuko minne na mkanda. Zote zimeshikwa mabegani. Bega ndilo linaloamua kila kitu, kutoka hapo mstari unashuka mrefu na mwembamba hadi kisigino.

Saharienne msomaji wa Afrika Mashariki anaijua kwa upande mwingine. Asili yake ni nguo za kaki walizovaa Wazungu katika makoloni na kwenye misafara ya uwindaji, na kutoka chimbuko hilohilo ikaja suti ya safari ambayo kwetu huitwa kaunda suti. Fundi anayeshona kaunda suti vizuri tayari anajua zaidi ya nusu ya kazi.

Kitambaa. Kwa Smoking, sufu nyembamba nyeusi isiyong'aa, au mchanganyiko wa sufu na polista ulio mzito kidogo: mita 3 hadi 3.2 kwa koti na suruali, na nusu mita ya satini kwa kola na kwa ule mstari wa pembeni mwa suruali. Kwa Saharienne, pamba ya kaki au gabadini, mita 2 hadi 2.5. Ifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, maana pamba ya aina hii husinyaa. Kwenye joto Saharienne inashinda karibu makoti yote, kwa kuwa haina bitana.

Kazi ya fundi. Smoking inataka fundi wa suti, si fundi wa magauni. Kola ikunjwe bila kuvimba, na satini yake ikatwe kwa mkondo mmoja pande zote mbili, kwani satini iliyogeuzwa inang'aa tofauti na watu wataona kola mbili za rangi mbili. Mstari wa satini wa suruali ukatwe kufuata mtande, sambamba na ukingo wa kitambaa. Ukikatwa mshazari, utajisokota baada ya kufuliwa. Saharienne ni rahisi zaidi, isipokuwa mifuko. Minne lazima ikae sawa, na njia salama ni kuibandika kwa pini mvaaji akiwa amevaa koti, kabla haijashonwa.

Panapoharibika. Fundi anachukua kipimo cha koti la mwanamume na kukipunguza. Matokeo ni kifua kinachofunguka na mgongo uliojaa. Koti la mwanamke linahitaji mishono ya kukusanya nafasi ya kifua, na kifungo kikae usawa wa kiuno halisi. Suruali nayo inaharibika kwa sm chache tu: iende kupimwa na viatu vitakavyovaliwa, kwa sababu ikiisha juu ya kifundo, mstari wote mrefu unakatika. Na pasi isiiguse satini moja kwa moja. Weka kitambaa cha pamba juu yake, maana tone la maji huacha doa lisilotoka.

Unamfaa nani. Anayeongoza mikutano, mwenye kupenda suruali, mrefu au anayetaka kuonekana mrefu. Saharienne ikirefushwa hadi magotini inampendeza pia anayevaa hijabu. Mwanamume naye anaweza kuivaa bila kubadili kitu ila kipimo.

## Von Furstenberg: gauni la kufunga

Umbo. Diane von Furstenberg, mzaliwa wa Brussels, alilitoa gauni lake la kufunga mwaka 1974 huko New York. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye jalada la jarida la Newsweek. Halina zipu, halina kifungo. Upande mmoja unapita juu ya mwingine, mkanda unazunguka kiuno na kufungwa. Wanawake wa pwani, waliokua wakifunga kanga, hawahitaji kuelezwa akili iliyomo: nguo inafuata mwili wa siku hiyo, hailazimishi mwili kuifuata.

Kitambaa. Jezi nyembamba ya kuvutika yenye nakshi, mita 2.5 hadi 3. Ya pamba au viskosi hupumua vizuri. Ya polista hukauka haraka ila inashika jasho. Kitenge kinawezekana, lakini hakivutiki, hivyo ongeza sm 4 hadi 6 mzunguko wa kifua na ujue gauni litasimama zaidi kuliko lile la asili.

Kazi ya fundi. Ni nyepesi kuliko zote nne za kushonwa. Jezi inataka sindano ya ncha butu na mshono unaovutika. Mshono wa kawaida ulionyooka utakatika siku ya kwanza ukikaa. Ukingo wa shingo unaopita kifuani uwekewe utepe mwembamba usiovutika, ukiwa mfupi kwa sm 1 kuliko ukingo wenyewe. Hilo ni jambo dogo, na ndilo linalotenganisha gauni linalokaa na gauni linalofunguka.

Panapoharibika. Upepo, ngazi na viti vya chini. Upande wa juu ukiishia katikati ya paja, kila hatua itafungua. Upitilize hadi ufike karibu na mshono wa pembeni wa upande wa pili, na uwekwe kifungo kimoja cha ndani kiunoni. Watu hukata upande wa juu mfupi ili kuokoa nusu mita, kisha hushika gauni kwa mkono siku nzima.

Unamfaa nani. Karibu kila mwili, hasa unaobadilika: mjamzito wa miezi ya mwanzo, mama anayenyonyesha, mtu anayepungua au kuongezeka. Anayetaka stara zaidi avae shimizi ndani na arefushe hadi kifundo.

## Miyake: marinda yaliyochomwa

Umbo. Issey Miyake, aliyezaliwa Hiroshima mwaka 1938 na kufariki mwaka 2022, aliuachia mwili nafasi. Mwaka 1993 alizindua Pleats Please, nguo zenye marinda membamba mwili mzima ambazo zikilazwa ni bapa na zikivaliwa zinachukua umbo la anayezivaa. Laini ya wanaume, Homme Plissé, ilikuja mwaka 2013.

Kitambaa. Polista, na si kwa sababu ya urahisi wa bei. Polista hulainika kwa joto kali na ikipoa hushika mkunjo. Pamba haiwezi, na marinda yake huisha kwenye maji ya kwanza. Marinda huishikilia nguo mbali kidogo na ngozi, jambo linalopunguza kero ya polista kwenye joto, ingawa haliiondoi.

Kazi ya fundi. Hakuna. Nguo hukatwa na kushonwa ikiwa kubwa kiasi cha mara mbili na nusu hadi tatu, kisha hupitishwa kwenye mashine ya joto ikiwa katikati ya karatasi. Mashine hiyo haipo kwa fundi wa mtaani. Unachoweza kupata ni kitambaa cha polista chenye marinda tayari, kikakatwa maumbo rahisi: mraba wenye tundu la kichwa, suruali ya mpira kiunoni, sketi ya mrija.

Panapoharibika. Pasi. Mguso mmoja na sehemu hiyo imekuwa bapa daima. Fua kwa maji baridi, usikamue kwa kusokota, kunja kufuata marinda. Na anayeshona kitambaa cha marinda tayari asikivute chini ya mguu wa cherehani, maana mshono utatoka na mawimbi.

Unamfaa nani. Msafiri, mtu mzima anayechoka na nguo za kubana, na yeyote asiye na muda wa pasi.

## Wanapochanganywa

Wengi hukwama kati ya Chanel na Saint Laurent, kwa kuwa wote ni makoti. Shika bega. Likiwa laini na duara ni njia ya Chanel. Likiwa na mstari ulionyooka na ujazo ndani ni ya Saint Laurent. La kwanza unaweza kulivaa na jinzi Jumamosi. La pili, hasa Smoking, linataka suruali yake.

Wengine husita kati ya Dior na Furstenberg, kwa sababu zote zinaonesha kiuno. Tofauti ni nani anayekiamua. Kwa Dior kiuno kimeamuliwa na fundi siku ya kupima na hakibadiliki. Kwa Furstenberg unakiamua wewe kila asubuhi unapofunga mkanda.

## Kulingana na hali yako

Una harusi baada ya mwezi mmoja na fundi wa kawaida: gauni la sketi pana la Dior, kwa kitenge au pamba nzito, utepe wa ndani ukiwemo. Mwezi unatosha kwa vipimo viwili na kwa pindo kuning'inia.

Unaanza kazi ofisini na fedha ni za nguo mbili tu: gauni moja la kufunga la rangi iliyotulia, na Saharienne moja ya kaki inayoweza kuvaliwa juu yake. Hizo mbili zinabadilishana wiki nzima bila mtu kuona zinarudiwa.

Unaishi pwani: Saharienne, gauni la kufunga la pamba, au marinda ukiwa na safari nyingi. Koti la twidi liache, hata ukipewa bei nzuri.

Unataka kitu kimoja cha kudumu na uko tayari kulipa ushonaji kuliko kitambaa: koti la Chanel penye baridi, Smoking penye sherehe za jioni. Usianze yoyote kati ya hizo mbili na fundi ambaye hujawahi kuona koti lake likiwa limegeuzwa nje ndani.

Wewe ndiye fundi, na unajifunza: anza na gauni la kufunga, ukiharibu umepoteza mita 3 tu na umejifunza kushona kitambaa cha kuvutika. Fuata sketi ya duara kwa ajili ya hesabu na pindo, kisha Saharienne kwa ajili ya mifuko na kola. Koti la Chanel lije la nne, na kabla ya kugusa twidi lishone kwanza kwa marekani ya bei rahisi, ulipime mwilini, ulifumue, na vipande hivyo ndivyo uvitumie kukatia.

Na kwa yeyote anayekwenda kwa fundi wiki hii: beba picha tatu za nguo hiyohiyo, mbele, ubavu na mgongo, maana picha ya mbele peke yake haioneshi kwapa wala pindo. Nenda na viatu na sidiria utakazovaa nayo. Kitambaa nunua baada ya fundi kukuandikia mita, na mwombe akurudishie mabaki. Kipande cha sm 30 kitahitajika siku mfuko utakapochanika.